Mama, Hatukukurudisha na Hatujuti

Mwaka umetimia, Mama, tangu moyo wako uliposimama pembeni mwa bwawa la kuogelea, filimbi ingali shingoni, na wale wazee uliokuwa ukiwafundisha wakakuinua wao wenyewe na kukufunika kwa taulo zao.

Uliondoka nyumbani ukiwa mjane, ukatuacha sisi watatu kwa Mama Mdogo. Ulikwenda ng'ambo kufanya usafi. Ulisugua vigae vya bwawa lile la manispaa, ukakausha vyumba vya kubadilishia nguo, ukanuka dawa ya maji mpaka ukatutania kwamba tungeisikia hata kwenye simu. Siku moja ukamwambia msimamizi wako kuwa unataka kujifunza kuogelea. Akacheka.

"Kwa umri huo?"

"Umri ninao tayari," ukamjibu. "Ninachokosa ni kuogelea."

Ulianzia kwenye maji ya watoto, magoti yakigusa chini, watu wakikutazama. Hukujali. Miaka michache baadaye ndoo ikapata mwenyewe mwingine, wewe ukavishwa filimbi. Wakakupa wazee, kwa sababu hakuna mwalimu aliyewataka: watu wa pale pale, walioogopa maji tangu utoto wao. Uliwapenda wakakupenda.

Tunakumbuka chumba chako cha ghorofa ya nne, tulichokijua kwa simu tu: dirisha lililogoma kufungika, redio juu ya friji, wewe ukiosha vyombo huku unamwigiza mtangazaji mpaka lugha yao ikakukaa mdomoni. Jirani wa chini alipogonga dari kwa ufagio, ulishuka ukamuuliza kama anaumwa. Mkaishia kunywa chai. Na kila ulipoulizwa unatoka wapi, ulisema, "Ghorofa ya nne." Wakisisitiza, "Hapana, hasa hasa?" ulisema, "Hasa hasa, jikoni."

Si kwamba hukuumia. Ulituambia ugeni ni zamu isiyo na mapumziko: kueleza jina lako kila siku, kucheka mzaha ulioupata nusu. Lakini ulituambia na jingine, ambalo tuliona haya kulisikia. Kwamba ulipokuja likizo, hapa kwenu, watu walikukaribisha sebuleni na hakuna aliyekutuma jikoni. Ulikuwa mgeni kotekote, ukaamua kuchagua mwenyewe pa kuzoea.

Walikusema, Mama. Eti umepotea. Eti mtu kakaa ng'ambo miaka yote hiyo na hana hata tofali moja. Basi wasikie leo: matofali hayo tuliyala sisi. Tuliyavaa, tukaenda nayo shule, tukatibiwa nayo. Mwenye swali aje atuulize sisi, akuache wewe upumzike.

Ulipofariki, kaka yako mkubwa aliita kikao. "Mtoto wetu hazikwi na wageni," alisema. "Mwili unaletwa." Wengi wakaitikia. Ndipo kifungua mimba wako, ambaye hajawahi kumkatiza mtu mzima kauli, akasimama.

"Mjomba, nilimuuliza mwenyewe, mara ya mwisho alipokuja. Akasema, 'Mnizike nilipo. Nimehama mara moja, inatosha.'"

"Na nani atakwenda kumpalilia kaburi huko?"

"Watu wake."

"Watu wake ni sisi!"

"Na wale pia, Mjomba."

Mjomba akatoka akabamiza mlango. Sisi tukasafiri.

Tulijiandaa kusimama watatu tu kwenye udongo wa watu. Kumbe bwawa lilifungwa asubuhi ile. Wazee wako walikuja wote, wenye fimbo, wenye viti vya magurudumu, na jirani wa ufagio ndani ya suti iliyombana. Bibi mmoja alisogea kaburini, akainama kwa taabu, akasema kwa Kiswahili kilichovunjika lakini kinachosikika: "Lala. Nimekushika."

Tulishtuka. Mwalimu mwenzako akatuonyesha kwa mikono: ndivyo ulivyowaambia siku ya kwanza majini, kiganja chako chini ya mgongo wao, kwa lugha yako na si yao. Kisha wote wakayasema maneno hayo, mmoja mmoja, kila mtu kwa matamshi yake. Hapo ndipo tulipolia, na hapo ndipo tulipojua tumefanya sawa.

Kwa hiyo, Mama, wanaotuuliza mpaka leo tutakuleta lini, tunawajibu hapa mara moja: hatukuleti. Hukupotea. Wasiotaka kulielewa hilo wabaki nalo.

Unakumbukwa na watoto wako watatu. Na Mama Mdogo, aliyetulea na kukutetea katika kila msiba na kila harusi. Na wajukuu zako, ambao mwezi huu wameanza kujifunza kuogelea na wanakunywa maji mengi kuliko wanavyoogelea. Na wazee wako wa bwawani, na jirani wa chini. Na kaka yako mkubwa, aliyetuma ujumbe kwamba asiwekwe kwenye tangazo hili. Tumemweka. Ni kaka yako, atake asitake, na juzi tumemkuta uani peke yake ameshika picha yako ya filimbi.

Tutakukumbuka siku zote, hapo hapo ulipo.