Shukrani Niliyoitanguliza

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta goti limepoa, na kwamba ngazi za kanisani unazipanda mwenyewe bila kuwasumbua akina mama wa kwaya. Baba naye mpe shikamoo yangu. Mimi nakula, nalala, natembea. Mengine nitayafikia, ila univumilie, maana leo nitazunguka sana kabla ya kufika.

Barua yako niliipata Jumanne, nami nimeisoma mpaka mikunjo imeanza kuchanika. Unasema kitindamimba wetu analalamika sikio la kushoto linavuma, na kwamba hukumpeleka hospitali kwa sababu Mungu aliyeyafungua masikio ya dada yake hawezi kushindwa na ya mdogo. Unasema ulisimama kanisani ukanitolea ushuhuda, watu wakapiga makofi, na mdogo wangu mwenyewe sasa anashukuru kila asubuhi kama nilivyoshukuru mimi. Mama, nilipofika hapo nilirudi kusoma tangu mwanzo.

Nianze na ya shuleni. Muhula huu sifundishi tena darasa la pili, nimehamishiwa stoo ya vitabu. Chumba hakina dirisha. Kuna rafu tatu, meza yenye mguu mmoja mfupi, na panya anayependa vitabu vya hisabati kuliko wanafunzi wangu wote. Nabandika majalada yaliyong'oka na kugawa chaki. Nilimshukuru Mungu kwamba sikufukuzwa, tena kwa dhati, maana mwalimu mkuu angenifukuza na hakuna ambaye angemlaumu.

Ilikuwa hivi. Kuna binti mmoja mtundu wa dawati la mbele. Siku ya kusoma kwa sauti alisimama, akashika kitabu vizuri, midomo ikaenda, nami nikamsifu kwamba amesoma vizuri sana. Darasa zima likaangua kicheko. Kumbe hakuwa anasoma, alikuwa anawasimulia wenzake habari za viatu vyangu na jinsi ninavyotembea, na mwalimu mkuu amesimama mlangoni anasikia yote. Watoto walikuwa wamenigundua siku nyingi. Sikumwadhibu. Ningemwadhibu kwa kosa gani, la kuujua ukweli kabla ya mama yangu?

Ndiyo, Mama, sisikii. Sikio la kulia limekufa kabisa, la kushoto limebakiza mngurumo tu. Ile barua ya mwaka jana, niliyosema namshukuru Mungu kwa kuniponya, niliiandika sijapona. Ulinilea nikijua kwamba mtu wa imani anashukuru hata kabla hajapewa, basi nami nikatanguliza shukrani nikidhani uponyaji uko njiani. Nilifanya kama mwalimu anayejaza alama kwenye ripoti kabla hajasahihisha mtihani. Wewe ulisoma kilichoandikwa, ukaamini, kama ambavyo yeyote angeamini.

Aliyenizindua ni mama wa chumba cha pili, fundi cherehani. Siku moja aliingia akaniandikia kwenye karatasi kwamba miezi sasa ananisikia ukutani nikimpigia Mungu kelele za asante kwa masikio mazima, na kila akija kunigongea mlango siitiki. Mimi nilidhani nasali kimoyomoyo. Tulicheka mpaka akakaa kitandani, kisha nikalia, naye akaniacha nilie. Kesho yake alinishika mkono akanipeleka kwa daktari.

Sasa nimefika pale nilipokuwa napakwepa. Daktari aliniandikia kwamba ugonjwa huu hutembea katika ukoo, huanza kwa kuvuma, na dawa yake huuzuia katika miezi mitatu ya kwanza tu. Mimi miezi ile yote nilikuwa nashukuru. Na maneno hayo ya daktari ninayo tangu nusu mwaka uliopita. Niliyaficha kwa aibu, kwa sababu ulikuwa umeshanishuhudia kwa majirani nami sikutaka kukuvunjia heshima. Ningekuandikia siku ileile, ungejua la kufanya mara tu sikio la mdogo wangu lilipoanza. Nimehesabu tangu siku uliyoandika kwamba lilianza kuvuma. Huu ni mwezi wake wa tano.

Simlaumu Mungu. Sikumngoja aseme, nilimsemea. Bado napiga magoti, lakini sijui niombe nini, na neno asante nimeliacha. Wewe usiache kuomba, Mama. Ila mpeleke. Hata kama tumechelewa, na naamini tumechelewa, mpeleke kesho asubuhi.

Nisalimie akina mama wa maombi. Jumapili wasomee barua hii, aibu ni yangu, usinibebee. Mdogo wangu mpe aisome mwenyewe, anichukie akitaka. Na mkiwa njiani kwenda hospitali mwongeleshe sana, mtanie, mgombeze, mwimbie, chochote kile. Mimi sauti yako imeshaanza kunipotea, na hakuna aliyeniambia kwamba ilikuwa ya kuwekwa akiba.

Ni mimi,
binti yako wa kwanza.