Anayenipigia Deki ni Mtalaka wa Mwanangu: Nimlipe au Niache?

Mshauri mpendwa, nataka msaada wako, na kuomba sijazoea, kwa hiyo usinizungushe. Gazeti lako hunisomea mpangaji wangu wa chumba cha mbele, lakini barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe, shule niliishia darasa la nne na herufi zangu ni kubwa kama za mtoto, zisome hivyo hivyo. Na usinijibu kama ulivyomjibu yule bwana wa juzi, eti wakae chini wazungumze, watu wa umri wetu tukishakaa chini nani atatuinua?

Mimi ni mjane na nina nyumba yangu, niliijenga kwa kufua mashuka ya hospitali, si ya urithi wala sikupewa na mwanamume, mashuka yalikuja kwangu na damu yakatoka meupe pe, kwa hiyo habari ya usafi mtu asinifundishe. Mwaka jana nikateleza bafuni nikavunjika nyonga, wakanitia chuma, daktari akanikataza kuinama, na vumbi nalo halina adabu, likiona huinami linakupanda hadi mezani. Yule mpangaji wangu, ambaye ni muuguzi, akaniambia, "Bibi, siku hizi kuna ofisi za usafi, unapiga simu unaletewa mtu, kodi yangu tu itatosha kumlipa." Nikakubali. Jumanne asubuhi nasikia hodi, najikongoja na mkongojo wangu, nafungua mlango, nani? Mke wa mwanangu. Yule wa kwanza, aliyeachwa, mama wa wajukuu wangu wawili.

Ameshika ndoo, amevaa aproni na kofia ya ofisi, mimi nimekauka kama kuni, mwenzangu wala jicho hakupepesa. Akasema, "Shikamoo. Nimetumwa na ofisi. Bomba liko wapi?"

Bomba, mshauri! Nyumba aliyoletwa akiwa bibi harusi, akaishi humo miaka tisa, bomba alilolifungua na kulifunga mpaka likalegea, leo ananiuliza liko wapi kama mtu aliyepotea njia. Nikamwambia, "We mwana we, mbona hukukataa kuja?" Akanijibu, "Ofisi ikikutuma huchagui nyumba. Nianzie wapi, mteja?"

Mteja. Huyo zamani aliniita mama.

Najua utataka kujua niliishi naye vipi, nakujibu kabla hujauliza, niliishi naye vizuri. Nilimfundisha kazi. Alikuja kwangu hajui hata kukamua tambara, vumbi analihamisha tu kutoka kona hii kwenda kona ile, nikawa napita nyuma yake, napitisha kidole juu ya kabati, namwonyesha, "Na hii nini?", hata wageni wakiwepo, maana mke wa mwanao usipomfundisha wewe atafundishwa na nani? Alikuwa anasema, "Nisamehe, mama," anarudia. Mwanangu, ambaye ni fundi wa mafriji, alipopata mwanamke mwingine akamwambia huyu arudi kwao, mimi sikuingilia, mambo ya mume na mke hayaingiliwi. Siku ile anatoka, mabegi mkononi, watoto wameng'ang'ania gauni lake, nikamwambia sebule hujaifagia. Akaweka mabegi chini, akafagia, akauegesha ufagio ukutani, akaenda zake na watoto wake. Nilisema vile kwa sababu sebule ilikuwa chafu kweli, na kosa silioni, ila siku hizi neno hilo limenikaa kooni kama mwiba, sijui kwa nini.

Basi anakuja Jumanne na Ijumaa. Na kazi anafanya, siwezi kumsingizia. Anasogeza kitanda, anapangusa hadi juu ya fremu za milango, tambara analikamua mpaka linalia. Nimelitafuta kosa sijalipata. Akimaliza anasimama mlangoni mikono nyuma, anasema, "Mteja, naomba ukague." Nikague nini, mkono wangu haufiki tena juu ya kabati, nasema, "Sawa," anachukua ndoo yake anaondoka. Chai hanywi, anasema ofisi hairuhusu. Nikimuuliza watoto, anasema, "Wazima," anaendelea kusugua. Niliwanunulia wajukuu wangu nguo, nikaziacha mezani kwenye mfuko makusudi azione, akanifuata hadi jikoni nao, "Mteja, umesahau mzigo wako."

Halafu Ijumaa moja mimi na ukaidi wangu nikaingia sebuleni sakafu bado mbichi, mkongojo ukateleza, nikayumba. Akapiga kelele, "Mama!" Ndoo akaitupa huko, maji yakamwagika nyumba nzima, akanidaka kwapani kabla sijafika chini, tukabaki vile tumeshikana, moyo wake nausikia unadunda kwenye mgongo wangu. Kisha akanikalisha kwenye kiti, akafuta mikono kwenye aproni, akasema, "Samahani, mteja. Sakafu ilikuwa haijakauka."

Tangu siku hiyo, na usinicheke, kila anapokuja nafikiria kujiangusha.

Sasa mwanangu amejua. Alikuja kuangalia friji langu, akamkuta amepiga magoti anasugua sakafu ya jikoni. Akanigeukia mimi macho yamemtoka, "Mama, unanivua nguo hadharani! Mtu niliyemwacha unamlipa?"

Nikamwambia, "Namlipa kwa hela zangu, sikukuomba."

"Watu watasema nini?"

"Watasema nyumba ya mama yako inang'aa."

Akaanza kufoka pale, amesimama katikati ya jiko na viatu vyake. Yule mwanamke hata kichwa hakuinua, akasema, "Samahani, inua mguu." Na mwanangu akainua! Nilitamani kucheka, lakini alivyoniangalia kicheko kikanikauka. Ameapa kwamba mwezi ukiisha yule akiwa bado anakuja, yeye hakanyagi tena kwangu, na kwamba mke wake mpya atanisafishia bure.

Huyo mke mpya ni msusi. Alikuja Jumapili moja na mumewe, akawa anafagia anazunguka miguu ya viti kama anaogopa kuiamsha, vumbi limebaki limekaa kitako, kisha akaketi akashika simu yake. Na mimi nikanyamaza. Mimi! Nikamwambia, "Ahsante, mwanangu," kwa sababu mwanangu alikuwa anatutazama, na huyu naye akinuna sina mwingine.

Kwa hiyo nakuuliza kitu kimoja tu, usiniletee mengine. Niendelee kumlipa yule au niache? Nikiacha, yeye ndiyo basi, na habari za wajukuu sizisikii tena. Nikiendelea, mwanangu atanisusa, na nikifa atanizika nani? Na hata huko kulipa kwenyewe hakunisaidii, mama haniiti. Nimefua uchafu wa watu maisha yangu yote, sikujua iko siku nitamlipa mtu aje nyumbani kunichukia.

Ni mimi, Bibi Mwenye Nyumba Yake

MSHAURI ANAJIBU

Bibi, shikamoo. Pole kwa nyonga. Umesema nisikuzungushe, basi kaa vizuri kwenye kiti hicho.

Umeuliza habari ya kulipa, na hiyo ndiyo sehemu nyepesi. Huwezi kuinama, nyumba inahitaji mtu, mlipe mtu wa usafi na usimwombe radhi yeyote. Nyumba ni yako na jasho ni lako. Mwanao akitaka kuchagua nani apige deki humo, ashike tambara mwenyewe, mikono anayo na magoti nadhani anayo pia. Na huyo msusi usikubali akufanyie bure. Hiyo bure ndiyo iliyokufikisha hapa. Mwenzake alikufanyia bure miaka tisa, nawe ukamlipa kidole.

Sasa lile ulilonikataza nisilete. Sikupaki mafuta kwa mgongo wa chupa, Bibi. Unasema kosa hulioni. Ungekuwa hulioni lisingekukaa kooni. Mwanamke anafukuzwa, watoto wamemshika gauni, na wewe macho yako yako sakafuni! Huko hakukuwa kumfundisha kazi. Mwanao alimwacha siku moja; wewe ulikuwa unamwacha kila asubuhi, mbele ya wageni, na yeye akisema nisamehe mama. Kisha leo unashangaa jina hilo limeadimika.

Unadhani anakuchukia. Mimi sijui, wala wewe hujui. Mtu akikuchukia haachi ndoo ipinduke ili akudake. Lakini usilikumbatie lile neno moja ukajiona umeshasamehewa. Lilimtoka kwa hofu, akalirudisha palepale, na kulirudisha ni haki yake. Neno mteja halikutukani. Ndani ya nyumba hiyo ndilo neno la kwanza kumkinga, kwa sababu mteja hamnyooshei mtu kidole chenye vumbi na kumwuliza na hii nini. Unataka aivue hiyo ngao ili wewe ujisikie vizuri, halafu yeye abaki na nini?

Na hilo wazo la kujiangusha likome leo. Ukianguka atakuinua, ndiyo, kisha ofisi itamwachisha kazi kwa kuacha sakafu mbichi, na watoto wake watalala njaa kwa sababu bibi yao alitaka kukumbatiwa.

Fanya hivi. Jumanne akija, kabla hajashika ndoo, mwulize kwa adabu: anataka kuendelea kuja kwako, au uombe ofisi ikuletee mtu mwingine na kumpeleka yeye nyumba nyingine, huku ukiwaambia wazi kwamba kazi yake haina dosari? Alikuja kwako kwa kutumwa. Wewe uwe wa kwanza kumpa nafasi ya kuchagua. Atakalosema, lifuate. Akisema abaki, mlipe kwa wakati na umwite kwa heshima kama anavyokuita yeye. Akisema aende, mwache aende, na usimnung'unikie.

Siku hiyo usimwombe msamaha. Yuko kazini, analipwa na wewe, hawezi kukwambia nyamaza wala hawezi kuondoka. Msamaha unaomlazimisha mtu kuusikiliza akiwa amepiga magoti ni kazi nyingine umemwongezea.

Mwanao mwambie hivi: mlango wangu uko wazi na sitachagua. Basi, usiongeze neno. Atanuna. Mwache anune, huyo ulimlea mwenyewe, kila alipokosea ukamfagilia njia. Akirudi, mkaribishe. Asiporudi utaumia, sikudanganyi, na utaumia zaidi ukikumbuka ni nani uliyemtoa mlangoni ili huyu abaki. Kuhusu kuzikwa, sijawahi kusikia maiti aliyeachwa sebuleni kwa kukosa wa kumzika. Hilo waachie walio hai, wewe hangaika na walio hai.

Kisha chagua siku ambayo si ya kazi yake, mwombe mpangaji wako akusindikize, uende kwao alikorudi. Njia unaijua, ndiyo hiyo hiyo mliyopita mkienda kumposa, na siku hiyo maneno yako yalikuwa matamu. Usibebe nguo za watoto. Usibebe chochote, mtu asije akadhani umekuja kununua. Usianze na nyonga yako, wala mwanao usimtaje. Sema, "Siku ile unaondoka niliiona sakafu, wewe sikukuona. Nilikukosea, na kabla ya siku ile nilikukosea mara nyingi." Koma hapo. Najua kukoma ndiko kutakakokushinda, utataka kuongeza kwamba ni kweli palikuwa pachafu. Meza hilo. Usimwombe akuite mama, wala watoto usiwaulizie. Akitaka uwaone, atawaita mwenyewe.

Piga hodi tatu. Ukiona kimya, usikae kwenye ngazi ukilia ili majirani waje wamseme. Shika mkongojo wako urudi. Mlango ule ni wake.