Ng'ombe wa Mzee Kuntai kwenye Tovuti ya Lemayian

Jumanne, 5 Agosti 2008
Gazeti limemwandika Lemayian. Picha kubwa, shuka begani — mtu wa jeans kila siku! Eti kijana wa Kitengela ameanzisha soko la mifugo kwenye mtandao. Soko lenyewe lilizaliwa hapa mtaani Noonkopir, kwenye cyber yangu ya intaneti, mimi nikimwonyesha jinsi ya kupakia picha. Jina langu halimo. Evalyne ameikata picha na kuibandika kaunta. Kaunta yangu! Amefanya kazi hapa miaka miwili, hajawahi kubandika chochote changu. Nampenda, na nadhani anajua. Nimemwambia gundi itaharibu rangi.

Ijumaa, 8 Agosti
Lemayian anaenda orpul na wenzake wa rika. Huko msituni watachinja, wale nyama na kunywa supu mpaka ng'ombe aishe. Hakuna network. Evalyne alipotoka kununua chai, Lemayian ameniachia password ya tovuti. Kazi ndogo tu, anasema: nisome malalamiko, na tangazo baya nilitoe. Nikamuuliza kwa nini asimwachie Evalyne. Akacheka, akasema Evalyne ni wa kupiga picha za mifugo tu, mimi ndiye ndugu. Ndugu! Baadaye Evalyne akamsindikiza hadi stage ya matatu. Alichelewa kurudi.

Jumapili, 10 Agosti
Ujumbe umeingia kwenye tovuti. Ni wa Nasieku, binti ya Mzee Kuntai wa Isinya. Anasema ng'ombe watatu kwenye tangazo la jana ni wa baba yake, waliibwa wiki iliyopita. Anaomba tangazo litolewe na polisi wapewe namba ya muuzaji. Nikafungua picha. Kweli, masikio yamekatwa kwa alama ya mzee — siku za soko nimewaona ng'ombe wake mara nyingi, hata mimi Mkamba naijua.

Ilikuwa kazi ya dakika moja. Lakini hapo hapo nikamsikia Evalyne akimwambia mteja kwamba kwa Lemayian hakuna matapeli, Lemayian ni mtu makini. Roho ikaniuma. Nikafunga ujumbe. Mwenye sifa aje ajibu mwenyewe.

Jumatano, 13 Agosti
Lemayian ameshikwa! Alirudi jana akinuka moshi, leo asubuhi polisi wamempeleka Kajiado. Ng'ombe walishauzwa, lori liliondoka nao Jumatatu. Wanasema tovuti ni yake, wizi umepitia kwake. Nilifurahi. Hapa sina wa kumdanganya — nilifurahi sana, kisha nikamwaga chai yangu yote.

Mchana wateja wakabishana. Wamaitha wa duka la viatu akasema mbuzi wa wizi akiuzwa sokoni, hakuna anayemshika mwenye kiwanja. Nzioka fundi akasema inategemea.

"Kama hakujua, mwacheni. Lakini kama aliambiwa na akanyamaza, huyo ni mwizi kama hao wengine."

Wote wakakubali, hata Wamaitha. Mimi nikajifanya natengeneza printa.

Alhamisi, 14 Agosti
Naandika nje ya kituo cha polisi, Kajiado. Evalyne amenilazimisha tuje. Ameingia kwanza, ametoka macho mekundu. Polisi wanao ujumbe wa Nasieku. Lemayian amewaambia alikuwa orpul, hakuuona. Wamemuuliza basi nani alikuwa anasimamia tovuti, maana huyo ndiye aliyeambiwa. Amekataa kunitaja.

"Amesema, 'Soko ni langu, mniulize mimi,'" Evalyne ameniambia. "Nzuki, huyo ni mwanaume."

Alivyolitamka hilo neno! Yuko selo, na bado ananishinda. Naweza kumtoa kwa sentensi moja, na kinachoniuma zaidi ni sauti ya Evalyne. Nimejichukia, lakini wivu haujaondoka.

Kisha akanishika mkono. Miaka miwili, na hii ndiyo mara ya kwanza. Akasema kuna mtu Lemayian anamficha, mtu mbaya sana, na mimi ndiye namjua Lemayian kuliko wote. Akaniomba nimsaidie kumtafuta huyo mtu.

Nimesema nitamsaidia.

Ameenda kumnunulia Lemayian maziwa. Askari ametokea mlangoni, anauliza kama kuna mwingine aliye na habari za hii kesi. Evalyne amerudi, anamwambia ndiyo, huyu hapa —