Kinyonga wa Pembe Tatu na Kibuyu cha Kasiksi

Mujukuu wangu Neema,

Hapa Kasha tuko salama, maman yako anakusalimia. Ila mimi situlii. Nimeinuka mara nne tangu nianze kuandika. Unauliza kama umukubali huyu kijana anayepiga kila anayekusogelea huko Kinshasa.

Nikiwa binti kule Miti, niliona vinyonga wawili wa pembe tatu wakisukumana juu ya muti. Mushindi akamufuata jike, asiye na pembe. Jike akageuka mweusi, akaachama kinywa. Mushindi akarudi nyuma.

Wiki ile, kijana mupiganaji alileta kwetu kibuyu cha kasiksi, pombe ya ndizi. Binti akionja, amekubali kuolewa. Nilirudisha kibuyu kimejaa.

Watu wa kijana wako wanafika Jumapili, na nitaonja mimi kwa nafasi yako. Nionje, ao nirudishe? Nijibu leo.

Koko wako