Sote Tumekuwa Makaimu

Jumatatu, 3 Machi
Mkubwa anaanza likizo kesho. Kanitaka niandike programu itakayowatumia wafanyakazi wote ujumbe: kaimu wangu ni fulani. Fulani nani? Eti kompyuta ichague, asilaumiwe mtu. Hodari!

Nimeandika kwa PHP, lugha ya programu za tovuti. Fanksheni, kipande cha programu kinachoitwa kwa kila ujumbe, inachomoa jina la juu kwenye orodha, inaliweka kwenye kigeu cha static — kile kisichosahau hata fanksheni ikiitwa mara ngapi — wote wanapata jina lilelile. La juu ni la Mhasibu, anayeamini tovuti hujiandika yenyewe. Haya.

Kaimu ndiye atakayesaini barua za kuthibitishwa kazini. Yangu imo. Bila hiyo mama haingii kwenye bima, na macho yake hayafanyiwi upasuaji. Nikimkumbusha Mkubwa huniuliza, "Wewe ndiye yule wa mitandao?" Mwaka mzima!

Jumanne, 4 Machi
Mkubwa kasoma makala mahali. Kaniambia nisinakili jina, niweke rejea, yaani kielekezi tu cha jina lilipo. Kachomeka alama ya & mwenyewe kwenye mstari wangu, kabonyeza kitufe, kabeba begi. Mguu niponye.

Jumatano, 5 Machi
Kizaazaa! Kila mtu kapata ujumbe kuwa kaimu ni yeye. Mhasibu kahamia kiti cha Mkubwa. Wa mapokezi kaitisha kikao saa nne. Dereva naye saa nne hiyohiyo, ndani ya gari. Mlinzi kapiga marufuku kuchelewa, kisha kachelewa. Hakuna anayemuuliza mwenzake. Kila mmoja anaona wengine wana kijicho.

Nimepekua. Ni ile &! Static ukiipa rejea haishiki kitu. Fanksheni ikiitwa tena inakuta patupu, inachukua jina linalofuata. Na ujumbe unafuata orodha hiyohiyo, kwa hiyo kila mtu kaangukiwa na jina lake.

Hata mimi. Kaimu ni mimi, kwa amri ya Mkubwa. Nimecheka mpaka mbavu zikauma.

Alhamisi, 6 Machi
Mama kapiga simu. Jicho la kulia sasa ni ukungu mtupu. Kauliza kuhusu barua. Nimesema bado. Roho imeniuma.

Ijumaa, 7 Machi
Mhasibu kashtuka kuwa makaimu wako wengi. Kaja mezani kwangu.

"Futa hao wengine nibaki mimi. Halafu hiyo barua yako tutaiangalia."

Tutaiangalia! Kutoa & ni kazi ya kidole kimoja. Nikiitoa na kutuma upya, kaimu ni yeye peke yake, na mama anaendelea kusubiri mpaka macho yote yafe.

Karani wa masjala, tangu ajione kaimu, hasomi tena anachogonga muhuri. Kusoma ni kazi ya wadogo. Asubuhi kagonga likizo ya Dereva, aliyejisainia mwenyewe: Kaimu.

Barua yangu iko hapa, chini ya kibodi. Pa kusaini peupe.

Nimeivuta, kalamu mkononi. Wizi? Lakini mbona nami nimeteuliwa kama wao?

Mhasibu kasimama mlangoni, anauliza kama nimemaliza. Nimemwambia avumilie, kosa ni gumu. Anadhani haya ninayoandika ni marekebisho. Herufi ya kwanza ya jina langu nimeshaiandika pale pa kusaini, na yeye huyo anakuja —