Mbwa Aliyeketi Mbele ya Kikapu cha Mshenga

Jumanne, 10 Juni 2014
Nimenyoa ndevu. Nimesoma magazeti mawili, yote yanadanganya. Kikapu tayari: sukari, sabuni, kitenge. Kikapu ni cha wakwe watarajiwa, kilikuja na maharage. Kwetu ni aibu kukirudisha kitupu. Safari ya Ibaba, kwa Mzee Kibona, kumalizia posa ya Osea, mtoto wa dada yangu. Mimi ndiye mshenga.

Jioni. Sikufika. Kwenye kizuizi cha barabarani pale Mpemba, karibu na mpaka, askari walitushusha garini, wakampitisha mbwa. Akaviruka viroba vya dagaa, akawaruka kuku, akaja kuketi mbele yangu kama mgeni aliyeahidiwa chai. Eti hiyo ni ishara ya bangi. Wakamwaga kila kitu kando ya lami. Sukari yote mchangani. Hawakupata kitu. Samahani hakuna. Na Mzee Kibona, aliyepanda gari hilohilo akitoka mnadani, anatazama.

"Osea atafute mshenga mwingine," akasema. "Au mke mwingine."

Jumatano, 11 Juni
Sikulala kwa hasira. Osea amekuja analia, mwanaume mzima na ndevu zake. "Mjomba, kaombe radhi kwa mzee." Radhi ya nini? Raia ana haki ya kulalamika! Nimeandika kurasa sita za malalamiko kwa polisi. Ukurasa wa tano nimemshambulia mkoloni, kwa kuwa nafasi ilikuwepo.

Alhamisi, 12 Juni
Kituoni. Koplo wa mapokezi alisoma nusu ukurasa, akachoka.
"Mzee wangu, unamlalamikia nani hasa?"
"Mbwa na aliyemshika kamba."
"Mbwa hatumwandikii maelezo."
"Nyama anayokula ni kodi yangu!"

Mkuu wa kituo akatoka. Mtu mstaarabu, inaudhi. Akashauri jaribio la wazi: vikapu vitupu uwanjani, changu katikati ya vingine. Nikakubali kwa kelele, watu wakajaa.

Mbwa akaketi kwenye changu.

Kicheko kilifika Zambia. Nimedhalilika mara ya pili, safari hii kwa ombi langu mwenyewe. Nikafungua mdomo nimtukane mbwa, ndipo nikakumbuka. Changu? Kikapu si changu.

Nikafunga mdomo. Koplo aliuliza kama naumwa.

Jumamosi, 14 Juni
Ibaba, na kikapu chenye sabuni na kitenge vilivyosalia; leo kizuizini mbwa hakuwepo. Mzee Kibona alinipokea mlangoni, hakunipa kiti. Nikamvuta pembeni, nikamwambia kwa sauti ndogo ambayo sikujua ninayo: "Baba, yule mbwa anakipenda kikapu chako."

Akakohoa. Akatazama migomba.
"Ni dawa ya kuku tu, mshenga. Kideri kilinimalizia banda."
"Sijauliza, baba."

Kiti kikaja. Chai ikaja. Mzee akapaza sauti nyumba nzima isikie: polisi gani hawa wa kumwaga sukari ya mshenga wake! Atanitolea ushahidi! Nikamsihi asijisumbue. Posa imepokelewa. Osea alinipigia simu, akalia tena.

Jumapili, 15 Juni
Kurasa sita zimekuwa moja. Mkoloni nimemtoa. Mbwa nimemtoa, hakukosea. Imebaki sukari iliyomwagwa, na watu waliokosa neno samahani. Hilo naenda nalo kituoni kesho, sirudi nyuma.

Mama Kibona, asiyejua lolote, alinifungashia maharage katika kikapu kilekile. Nimekifua kwa sabuni, nimekianika nyuma ya nyumba. Nimekinusa. Sisikii kitu, lakini pua yangu si ya serikali.

Lazima kirudi Ibaba, tena na kitu ndani. Njia ni ileile ya Mpemba.