Ghala la Makomamanga la Baba

Mpendwa Bi Zakia, nisaidie kabla nyumba yetu haijavunjika, mimi ni mjane wa hapa Gabès, na ugomvi wenyewe ni ghala la marehemu baba, ambamo alikuwa akitundika makomamanga yakae hadi baridi iishe, nasi watoto tukijifungia humo kunusa ule utamu uliochanganyika na harufu ya hina iliyokaushwa humo, nje maji ya chemchemi yakipita mferejini, na mpaka leo nikiwa na huzuni huenda kukaa humo. Sasa binti yangu Yusra, mtafiti wa chuo kikuu, alikwangua kuvu nyeusi kwenye maganda makavu ya ghalani, akaikuza kwa maji ya tende, ikatoa tindikali inayonyonya madini adimu kutoka kwenye taka za kiwanda cha mbolea, nikafurahi, lakini akaniomba ghala liwe karakana yake, akaingiza na ndoo za taka. Ijumaa kaka yangu Hedi alikuja kula kuskusi, akaziona.

“Kiwanda kilikula kifua cha Baba, leo mnakikaribisha ghalani kwake?”

“Mjomba, mlima wa taka hautaondoka kwa kulaaniwa.”

“Basi hama nao.”

Akaondoka bila kuonja, na simu zangu hapokei. Nimfukuze mwanangu, au nimpoteze kaka?

Mabruka


Bi Mabruka,

Pole, lakini makomamanga yalikwisha zamani, mama; unacholinda ni harufu. Hilo si kosa, ila usimfungie mwanao nje kwa ajili yake.

Kaka yako naye hagombani na kuvu. Anagombana na kikohozi cha baba yenu, ambacho inaonekana hamjawahi kukizungumza, mnakifunika kwa kuskusi.

Yusra nitamkemea pia. Msomi gani analeta vumbi la kiwanda nyumbani panapoliwa chakula? Ndoo zitoke leo. Ghalani akuze kuvu tu na kukamua tindikali yake; kisha aipeleke chuoni, taka zikamsubiri huko, kwenye maabara yenye ulinzi.

Wewe nenda kwa Hedi pamoja na binti yako, usipige simu. Usimwombe msamaha wala usimtetee mtoto. Mwambie: “Kaka, Yusra hajui Baba alivyokufa. Msimulie wewe, mimi siwezi.” Mwache aseme yote, hata akilia, na binti asikilize bila kumjibu kwa elimu yake.

Akimaliza, mpe Hedi ufunguo wa ghala, amfungulie mpwa wake kwa mkono wake mwenyewe.